Ya Soda Si Mshahara: Jinsi ya Kupanga Malipo ya Haki kwa Kijana Anayetembeza Mbwa Mtaani

Katika mitaa mingi ya Nairobi yenye mageti, kuanzia Lang'ata na South C hadi Kileleshwa na Karen, mbwa hushinda bandani mchana kutwa huku mwenyewe yuko kazini. Nyumba ya tatu kutoka hapo yupo kijana aliyefunga shule anayetafuta cha kufanya. Wanakubaliana getini. Kijana anachukua kamba, anazunguka mtaa, anarudi jasho likimtoka, kisha anatiliwa noti ya hamsini mkononi: "Hii ni ya soda." Wiki ijayo anapewa mia moja. Wiki inayofuata hakuna chenji.

Mara nyingi hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake. Kilichokosekana ni hesabu. Mwenye mbwa anadhani amemsaidia mtoto wa jirani, mtoto anaona aibu kuuliza, na mzazi hataki kuharibu ujirani. Mwongozo huu ni wa wote watatu. Tarakimu zake ni shilingi za Kenya, lakini hesabu yenyewe inafanya kazi vilevile Mombasa, Arusha au Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Hakikisha kazi inalingana na umri

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kufanya kazi nyepesi tu, ile isiyodhuru afya wala ukuaji wake na isiyomkosesha masomo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaanzia miaka 14, nayo ni kwa kazi nyepesi vilevile. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inaligusa jambo letu moja kwa moja: mtoto ana haki ya kulipwa ujira unaolingana na thamani ya kazi aliyoifanya. Noti inayotolewa kwa kukisia haiwezi kulingana na thamani ambayo hakuna aliyeipima.

Kumtembeza mbwa mtulivu mtaani kwa nusu saa ni kazi nyepesi. Kumtembeza mbwa wa ulinzi wa kilo hamsini kando ya barabara ya matatu si kazi nyepesi, hata ukimlipa kijana elfu moja. Pesa haiwezi kuigeuza kazi ya hatari ikawa ya mtoto.

Siku za shule, mzunguko mmoja unatosha. Wakati wa likizo anaweza kufanya miwili, asubuhi na jioni. Awe amerudi kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa sababu giza likiingia madereva hawamwoni yeye wala mbwa, na mbwa koko huanza kutembea makundi makundi. Sheria ya Kenya inatumia saa hiyohiyo inapokataza watoto kufanya kazi viwandani usiku, kwa hiyo ni mpaka mzuri wa kushika.

Jambo moja husahaulika: vijana wengi wa sekondari wako bweni. Kazi yao ni ya Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Mwenye mbwa asipange kana kwamba atakuwa naye mwaka mzima, na kijana asiahidi asichoweza. Anayesoma shule ya kutwa ndiye anayeweza kushika kazi ya muhula, na wiki za mitihani apumzishwe bila kinyongo.

Hatua ya 2: Mjue mbwa kabla ya kutaja bei

Bei inayotajwa kabla ya kumwona mbwa ni ya kubahatisha. Kijana aende na mzazi siku ambayo mwenye mbwa yuko nyumbani, na waangalie mambo haya.

Uzito kwanza. Japanese Spitz, wale weupe wenye manyoya mengi waliojaa mitaani, huwa chini ya kilo kumi, na kijana wa miaka 13 anawamudu. German Shepherd dume aliyekomaa ana kilo 30 hadi 40. Rottweiler hufika 50. Kipimo tunachoshauri ni kwamba mbwa asizidi theluthi moja ya uzito wa kijana. Akizidi hapo, awe kijana mkubwa, na mbwa awe amefundishwa kamba kweli, tena mbele ya macho yenu.

Pili, muulize mwenyewe mbwa anaishije. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa bandani asubuhi na kufunguliwa usiku huenda hajawahi kutoka nje ya geti tangu aletwe. Mwenyewe atakwambia "ni mpole kabisa", na kwake ni mpole kweli. Ila siku ya kwanza nje atavuta kama ng'ombe wa jembe, atabweka kila bodaboda, na mzunguko wa dakika 30 utachukua 50. Hilo liingie kwenye hesabu.

Tatu, omba kuona kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Tarehe ikiwa imepita, kazi isianze mpaka mbwa adungwe, na gharama hiyo ni ya mwenyewe. Usione haya kuomba kadi. Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu huupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa.

Nne, fanyeni mzunguko wa majaribio. Mwenye mbwa atembee na kijana, kamba ikiwa mkononi mwa kijana. Tazameni geti linapofunguliwa, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika. Askari akivuta komeo tu, mbwa anaruka mbele. Kijana asiyejua atakuwa amezungusha kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono ili isimponyoke, na mbwa akichomoka anaburutwa akiwa amefungwa naye. Njia salama ni kupitisha kidole gumba ndani ya kitanzi cha kamba, kukunja kamba iliyobaki ndani ya kiganja, kisha kuishika kwa mkono wa pili karibu na mwili. Mbwa akizidi nguvu, kiganja kinafunguka. Na kabla ya geti kufunguliwa mbwa aketishwe chini kwanza, kila siku, bila kuruka siku.

Mzunguko huu wa majaribio ulipwe. Kijana ametoa saa yake kama siku nyingine yoyote.

Kwa familia za Kiislamu, hasa za pwani ambako wengi hufuata madhehebu ya Shafi, zungumzeni mapema kuhusu mate ya mbwa na najisi. Familia nyingine hazitaki kijana aifanye kazi hii, na hilo liheshimiwe bila mjadala. Nyingine hukubali kwa sharti la nguo maalumu, glavu, na nafasi ya kujitwaharisha kabla ya swala. Muda huo wa kujiosha uingie kwenye hesabu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Pima muda wote

Hapa ndipo malipo mengi hupotea. Mwenye mbwa huhesabu dakika ambazo mbwa yuko barabarani. Kijana anatoa zaidi ya hizo. Chukua saa ya simu mpime pamoja siku ya majaribio. Mfano wa nyumba mbili zilizo mtaa mmoja:

Kutoka kwao hadi getini: dakika 6.
Kungoja geti lifunguliwe, kumtoa mbwa bandani, kumvalisha mkanda na kamba: dakika 5.
Kutembea: dakika 30.
Kumpa maji, kumfuta miguu, kumkagua kupe masikioni na katikati ya vidole, kumrudisha bandani: dakika 6.
Kurudi kwao: dakika 6.

Jumla ni dakika 53. Pandisha hadi 55. Huo ndio muda wa kulipwa. Akitokea mtaa wa pili na kutembea robo saa kwenda na robo saa kurudi, jumla inapita saa moja, na pengine ni nafuu kwa mwenye mbwa kumtafuta kijana wa karibu zaidi.

Kukagua kupe kusifutwe ili kupunguza muda. Mbwa akipita majanini hurudi nao, na kupe mmoja akiachwa, baada ya wiki chache banda zima limejaa.

Hatua ya 4: Tafuta bei ya saa

Usianze na "watu hulipa ngapi". Ukiuliza mtaani utaambiwa bei ya aliyelipa kidogo kuliko wote. Anza na sakafu ya sheria, kisha panda.

Amri ya mishahara ya Kenya iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida jijini Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Juu yake kuna posho ya nyumba ya asilimia 15. Ukijumlisha unapata kama 18,530. Wiki ya kazi ni saa 52, na mwezi una wiki 4.33, kwa hiyo mwezi una saa 225 hivi. Gawanya 18,530 kwa 225: unapata shilingi 82 kwa saa. Kima kikipandishwa, badilisha tarakimu ya kwanza tu. Kwa Tanzania, weka kima cha chini cha huko na ugawe kwa saa 195, kwa sababu wiki ya kawaida kisheria ni saa 45.

Shilingi 82 ni sakafu. Hakuna sababu ya kumlipa kijana chini ya hapo, na "bado ni mtoto" si sababu, maana mbwa havuti polepole kwa kuwa aliyeshika kamba ana miaka kumi na minne.

Ila sakafu hiyo ni ya mtu mwenye kazi ya mwezi mzima, mwenye likizo ya malipo na siku ya kupumzika. Kijana hana lolote katika hayo. Saa yake moja inakatwa katikati ya jioni, hawezi kuiunganisha na kibarua kingine, na akiugua halipwi. Tena ameshika kiumbe hai kinachoweza kukimbia, kuuma au kugongwa na gari. Kwa hiyo tunashauri uizidishe sakafu karibu mara mbili: shilingi 160 kwa saa. Kwa mbwa mgumu au kijana mzoefu panda hadi 250.

Sasa zidisha. Dakika 55 kwa bei ya 160 kwa saa ni shilingi 147. Fanya 150 kwa mzunguko. Siku tano kwa wiki ni 750, na wiki nne ni 3,000.

Kama 3,000 haimo kwenye bajeti yako, punguza siku na uiache bei ya saa ilivyo. Mizunguko mitatu kwa wiki kwa bei kamili ni 1,800 kwa mwezi, na mbwa anayetoka mara tatu na kijana asiye na manung'uniko ana hali njema kuliko anayetoka mara tano akikokotwa mbiombio.

Ukitaka kuhakikisha, linganisha na unachomlipa mama fua au anayekuoshea gari, ukigawa kwa saa. Kijana akiwa chini kwa mbali, hesabu yako ina kasoro mahali.

Hatua ya 5: Nyongeza, na mahali pa kuzikataa

Mbwa wa pili wa nyumba hiyohiyo: ongeza 50. Usizidishe mara mbili, kwa sababu muda ni uleule. Usiache bure pia, kwa sababu kamba mbili husokotana, na mbwa wawili wakimwona paka mmoja nguvu inakuwa nyingine kabisa. Watatu kwa kijana mmoja, hapana.

Mbwa wa nyumba mbili tofauti kutembezwa pamoja: mwenye mbwa mmoja hupendekeza hivyo ili wagawane gharama. Kwanza mbwa wazoeane mahali pasipo pa mmoja wao, bila chakula karibu. Wakipatana, kila nyumba ilipe asilimia 70 ya bei yake ya kawaida. Kijana anapata zaidi kwa mzunguko mmoja, nyumba zinaokoa kidogo. Nusu kwa nusu si haki, kwa kuwa mageti ni mawili, mabanda ni mawili, na hatari imeongezeka.

Mbwa anayevuta sana: ongeza 50 mpaka atakapotulia, ambako kwa mbwa wa bandani kunaweza kuchukua mwezi mzima. Anayemtuliza ni kijana, kwa hiyo bei isishuke siku ile tu mbwa anapoanza kutembea vizuri. Iacheni angalau mwezi mwingine.

Msimu wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, matope huongeza dakika kumi za kuosha miguu. Kwa bei ya 160 kwa saa hizo ni shilingi 27, weka 30. Jumapili na sikukuu, ongeza nusu: 150 inakuwa 225.

Kumwogesha ni kazi nyingine. German Shepherd akiogeshwa na kukaushwa hachukui chini ya saa moja. Lipa kwa bei ileile ya saa. Kutumwa dukani, kulisha paka, kufagia banda, kuleta mkate, yote hayo hayamo. Kazi ya ziada huingia taratibu: leo "nipitie hapo dukani", kesho "mwagilia maua hayo kidogo", na baada ya wiki mbili kijana anafanya saa mbili kwa bei ya moja. Kila jambo jipya liulizwe bei yake siku linapotajwa.

Na nyumba ikiwa na mtu wa shamba au askari aliyekuwa akimtembeza mbwa, mshahara wake usiguswe kwa sababu kazi hiyo sasa ina kijana. Mara nyingi alikuwa akiifanya bila kuongezwa chochote. Kumpunguzia kutazaa uadui getini, na kijana ndiye atakayeupata, akisimamishwa nje dakika kumi kila jioni.

Hatua ya 6: Vifaa na gharama si za kijana

Mwenye mbwa anatoa mkanda unaokaa kifuani, kamba ya mita moja na nusu hadi mbili, chupa ya maji, na vya kuokotea kinyesi. Mnyororo hukata kiganja. Kamba inayojirefusha yenyewe humpa mbwa mita tano za kukimbilia barabarani, kwa hiyo isitumike. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017 na Tanzania tangu Juni 1, 2019, basi tumieni gazeti la zamani, koleo dogo na mfuko wa karatasi. Kuokota kinyesi kumo ndani ya bei ya kawaida.

Ongeza kredo ya shilingi 50 kwa wiki. Kijana asiye na kredo hawezi kupiga simu mbwa akiponyoka.

Maeneo ya joto kama Mombasa na Dar, mbwa atoke kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Weka mgongo wa mkono juu ya lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa zitaungua.

Hatua ya 7: Kutaja bei bila kukosana

Kijana asitumwe peke yake kujadili mara ya kwanza. Hata hivyo bei aitaje yeye, mzazi akiwa kando, ili mwenye mbwa azoee kusema naye. Maneno machache yanatosha: "Anti, kwa mzunguko wa nusu saa ni mia na hamsini. Humo mna kuokota kinyesi, kumfuta miguu na kumkagua kupe. Kumwogesha ni bei yake." Kisha anyamaze. Vijana wengi huharibu hapa: kimya kikizidi sekunde tatu, wanajishusha wenyewe hadi mia.

Jibu la kawaida ni "lakini ni nusu saa tu". Onyesheni karatasi ya dakika 55. Mliipima pamoja, na watu wengi wakiiona wanaelewa. Jibu la pili ni "nitakuwa nakupa kitu kidogo, wewe ni mtoto wangu". Hapo mzazi aseme kwa heshima: "Tunashukuru sana, ila tungependa ijulikane ni kiasi gani na siku gani, ili asije akakusumbua." Anayekataa hata kiasi kutajwa atakataa na kulipa, na ni heri mwachane kabla ya siku ya kwanza, ujirani ukiwa bado mzima.

Hatua ya 8: Andikeni, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp

Karatasi nzito yenye muhuri haihitajiki. Mzazi atume ujumbe, mwenye mbwa ajibu "sawa". Uwe na mambo kama haya:

"Tumekubaliana kijana amtembeze mbwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na nusu jioni, dakika 30, ndani ya mtaa bila kuvuka barabara kuu. Malipo ni shilingi 150 kwa mzunguko, yanalipwa kila Ijumaa jioni. Ukiahirisha chini ya saa mbili kabla, unalipa nusu. Kijana akiwa ameshafika getini, unalipa yote. Mvua ya radi hakuna kutembea, wanacheza ndani kwa bei ileile. Mbwa akimuuma kijana au mtu mwingine akiwa ameshikwa vizuri, gharama za hospitali ni za mwenye mbwa. Kijana hatamwachia mtu mwingine kamba. Anayetaka kuacha anatoa notisi ya wiki moja."

Sentensi ya hospitali ndiyo inayosumbua watu, na ndiyo msiyotakiwa kuiacha. Kijana akiumwa au hata kukwaruzwa na jino, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyohiyo, mbwa awe na kadi au asiwe nayo. Daktari akiamua adungwe chanjo, si sindano moja. Ni kadhaa, kwa siku zilizopangwa, na nauli ya kila safari ni gharama. Isipoandikwa mapema, mzazi ndiye hubaki akiibeba, kwa kazi ya mia na hamsini.

"Hatamwachia mtu mwingine kamba" inamhusu zaidi mdogo wake. Kijana akiwa na mechi, hutuma wa miaka kumi. Huyo sheria haimruhusu na mbwa hamjui.

Jike akiingia kwenye joto, kama mara mbili kwa mwaka, mwenyewe aseme mapema. Kwa muda wa wiki tatu hivi asitoke nje, maana mbwa koko watamfuata kijana hadi getini na kupigana miguuni pake. Katika kipindi hicho kijana acheze naye uani, au kazi isimame na kijana aarifiwe wiki moja kabla ili asiwe ameshaitegemea pesa hiyo.

Hatua ya 9: Kulipa

Siku moja ya malipo kwa wiki ni bora kuliko kila jioni. Ukituma kwa simu kila siku ada zinakula kidogo kidogo, na ukilipa taslimu kila siku tatizo la chenji halitaisha. Kijana awe na daftari: tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi, jambo lililotokea. Ijumaa mwenye mbwa anahesabu mistari, analipa, anaweka sahihi. Mistari minne na mmoja wa kuahirishwa ni 600 jumlisha 75, yaani 675. Hakuna wa kukumbushana.

Kijana wa chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha kujisajilia M-Pesa ya kawaida, lakini tangu 2022 Safaricom wana M-Pesa Go kwa wa miaka 10 hadi 17, inayofunguliwa kupitia mzazi. Pesa zikipitia kwenye simu ya mzazi, zimfikie mwenyewe siku hiyohiyo. Wazazi tunapenda kusema "nikuwekee". Ukimwekea, andika kwenye daftari lilelile kiasi na tarehe, na akitaka zake apewe. Kijana aliyedhulumiwa nyumbani hatajifunza kudai haki yake kwa jirani.

Malipo yakichelewa wiki moja, mzazi akumbushe. Wiki ya pili, kazi isimame mpaka deni liishe. Deni la wiki mbili ni 1,500, na hilo bado linaweza kuzungumzwa. Likifika mwezi, watu huanza kukwepana njiani.

Hatua ya 10: Kupitia bei upya, na kufunga kazi

Pitieni bei mwezi wa kwanza ukiisha, kisha kila likizo inapoanza. Pimeni tena dakika. Mwangalieni mbwa: German Shepherd dume wa miezi minne aliyekuwa mwepesi wa kubebeka atapita kilo thelathini kabla ya mwaka mmoja na nusu, na bei ya mtoto wa mbwa haiwezi kubaki ileile. Kijana aliyefanya kazi miezi mitatu bila kukosa aongezwe asilimia kumi. 150 iwe 165. Mwenye mbwa aianzishe mwenyewe, maana vijana wetu wamelelewa kutodai kwa wakubwa.

Shule zikifunguliwa, kijana wa bweni afunge kazi wiki moja kabla ya kuondoka. Kama kuna wa kumpokea, watembee pamoja mizunguko miwili, na wote wawili walipwe kwa bei kamili. Yule mpya ajue mbwa anaogopa nini, nyumba gani ina mbwa anayebweka kupitia uzio, na askari yupi huvuta geti kwa nguvu. Siku ya mwisho daftari lisomwe, lililobaki lilipwe, funguo na kamba zirudishwe mkononi mwa mwenyewe.